Ukiitwa, Unaitika Kama Nani?

Nyumbani kwa bibi yangu, Pangani, mtoto hakuitika "nini?" wala "ee?". Mvulana aliitika "naam", msichana "abee", na kabla mwito haujakwisha uwe umeshanyanyuka. Binamu yangu Mwanaidi, alipokuwa na miaka minne au mitano hivi, siku moja aliitika "naam" kwa kuwa kutwa alishinda na sisi wavulana akitusikia. Bibi akamrudisha mlangoni, akamwita upya. "Mwanaidi!" Kimya. "We Mwanaidi!" "Abee, bibi." "Haya, njoo uchambue mchele." Hakuchapwa, wala hakuwekwa kitako akaelezwa mambo ya wanawake na wanaume. Aliitwa tu mara mbili, na ile ya pili akaitika kama msichana. Mchele aliuchambua yeye. Sisi tukarudi kwenye gololi zetu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa falsafa, nilipewa kusoma makala ya Mfaransa Louis Althusser iliyochapishwa mwaka 1970 katika jarida la La Pensée. Ni makala ngumu, sentensi zake zinajizungusha kama mtu anayetafuta funguo gizani, lakini pana mfano mmoja ambao hata aliyesahau mengine yote huukumbuka. Mtu anatembea zake barabarani. Nyuma yake polisi anapaza sauti: "We! Wewe hapo!" Mtu anageuka. Hakutajwa jina, na barabara imejaa watu, lakini amegeuka yeye, na mara nyingi anayegeuka ndiye aliyekusudiwa. Katika kugeuka kule, anasema Althusser, mpita njia amefanywa mtu wa aina fulani: amekiri kwamba mwito ule ni wake na kwamba anayeita ana haki ya kuita. Wenzangu darasani waliuliza maswali mazito kuhusu polisi. Mimi nilikuwa namwona Mwanaidi amesimama mlangoni.

Nataka kuuchukua mfano huo nisomee jambo la hapa kwetu, yaani majina ambayo Mtanzania wa kawaida ameitwa tangu mwaka 1967, kutoka ndugu hadi mjasiriamali, na kazi ambayo majina hayo yamefanya. Lakini tuanze na neno lenyewe, itikadi.

Tulilipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kufunga fundo, uleule uliotupa akdi ya ndoa. Itikadi ni imani iliyofungwa ikakaza. Kwa Mtanzania neno hili halina aibu yoyote. Chama Cha Mapinduzi kina katibu anayeshughulikia itikadi, na Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961, kilikuja kuwa mahali pa kuwanoa makada katika itikadi ya chama. Mwambie kada kwamba ana itikadi, atakushukuru. Ulaya neno hilo lilianza vizuri likaharibikiwa njiani. Destutt de Tracy alilibuni mwaka 1796 kwa maana ya elimu ya mawazo, Napoleon akaligeuza kejeli ya kuwapiga wanafikra waliomsumbua, na Karl Marx alilipokea likiwa tayari na doa.

Katika miswada waliyoiandika mwaka 1845 na 1846, ambayo ilikuja kuchapishwa kwa ukamilifu mwaka 1932, Marx na Engels walidai kwamba tabaka lenye mashamba na viwanda ndilo pia lenye mitambo ya kutengenezea mawazo. Watu wanaiona dunia kichwa chini miguu juu, kama picha ndani ya kamera za enzi zile, na wanaiona hivyo kwa sababu maisha yenyewe yamepangwa hivyo. Wafuasi wengi waliokuja baadaye walichukua nusu ya kwanza ya hoja wakaiacha ya pili. Wakadhani itikadi ni uongo, na dawa ya uongo ni semina. Mwambie mfanyakazi ukweli, ataamka. Waliambiwa sana, wengi walisikiliza, wakapiga makofi, wakarudi kazini Jumatatu.

Muitalia Antonio Gramsci, aliyekamatwa na serikali ya Mussolini mwaka 1926 na kufa mwaka 1937, aliliona tatizo hilo kutoka gerezani. Aliandika kwamba utawala imara hukaa ndani ya yale tunayoyaita mambo ya kawaida, yale ambayo mtu akiyahoji wenzake humtazama kama amepata homa. Althusser alimsoma Gramsci, akaazima kwake, na akamlaumu kwa kutoyapanga mawazo yake. Walimu wa falsafa ndivyo walivyo.

Swali la Althusser lilikuwa la kibwana shamba kabisa: kiwanda kikifungwa Ijumaa jioni, nani anahakikisha Jumatatu asubuhi kuna watu mlangoni? Mshahara unawalisha, sawa. Lakini nani anawafanya wawe watu wa kufika saa moja kamili, wa kumwita msimamizi "bosi", wa kuona ni haki kabisa kwamba anayeshona viatu avae ndala? Jibu lake lilikuwa vyombo. Hapa Kiswahili kinamsaidia kuliko Kifaransa chake. Sisi husema vyombo vya dola tukimaanisha polisi, jeshi, magereza na mahakama, kisha tunasema vyombo vya habari bila kuona ajabu. Redio na rungu, vyote vyombo. Althusser aliviweka katika mafungu mawili: vinavyotangulia na nguvu, na vinavyotangulia na itikadi, yaani shule, dini, familia, vyama, magazeti, michezo. Fungu la pili ndilo alilolipa uzito wa kila siku, na ndani yake aliiweka shule mbele. Hakuna chombo kingine kinachokabidhiwa watoto wa nchi nzima kila asubuhi kwa miaka mingi mfululizo, tena wazazi wakiwanunulia sare.

Na itikadi hiyo, kwake, makazi yake ni mwilini. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji maelezo marefu. Mchakamchaka alfajiri, mstarini, ukaguzi wa kucha, mwalimu anaingia na darasa zima linasimama kwa mpigo mmoja: "Shikamoo mwaaalimu." "Marahaba. Kaeni." Muulize mtoto yule kama anaamini katika mamlaka, atakushangaa. Magoti yake yanajua.

Kuna neno moja katika makala ile ambalo linawatesa watafsiri. Kwa Kifaransa nafsi inayojitawala na mtu aliye chini ya mfalme huitwa kwa neno lilelile, sujet, na hoja nzima ya Althusser imeegemea hapo: unapewa unafsi ili uutumie kutii, tena kwa hiari yako. Kwa miaka mingi nilifundisha kwamba Kiswahili hakina neno la kubeba maana zote mbili. Siku moja mwanafunzi aliyesomea Kiarabu akanisahihisha. Tunalo, raia. Asili yake ni kundi linalochungwa, mifugo ya mchungaji, kisha watu wa sultani. Leo ndilo tunaloliandika kwenye katiba na pasipoti kwa fahari, na polisi wakilitamka wao, "raia rudini nyuma", unaisikia tena harufu ya zizi.

Sasa twende kwa ndugu.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Wanahistoria hulikumbuka kwa kutaifisha mabenki na kwa masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mimi nalikumbuka kwa namna lilivyolibeba neno moja la nyumbani likalipeleka ofisini. Udugu ulikuwa tayari katika ahadi za mwana-TANU. Baada ya Azimio ulifika kila mahali. Waziri akawa Ndugu Waziri, katibu kata Ndugu Katibu, na mfagizi aliyetaka kulalamikia mshahara wake alianza barua kwa neno lilelile ambalo mkurugenzi alilitumia kumjibu. Siasa likawa somo shuleni. Redio ya taifa ikaita "ndugu wananchi" kutoka Mtwara hadi Bukoba. Na kwa asiyekuwa na redio alikuwapo balozi wa nyumba kumi, ambaye alibisha hodi mwenyewe. Althusser angekuja kututembelea miaka ile angedhani tumemjengea maabara.

Nini kiliitwa, na nini kiliitika? Hapa sikubaliani na wanaosema ndugu lilikuwa neno tupu. Liliwafanya watu wa makabila zaidi ya 120 waitikie jina moja, na waliitika kweli. Mtoto wa Kihaya aliyepelekwa kusoma Songea alirudi akiwa na kitu ambacho baba yake hakuwa nacho. Neno hilo pia lilimpa mnyonge madai: ukiniita ndugu, halafu gari lako likanipita kwenye tope, nina haki ya kukuuliza. Mitaani watu waliuliza hasa, kwa kejeli. Ndipo walipozaliwa wabenzi, na neno kupe likahama kutoka kwa bepari wa Kihindi kwenye magazeti hadi kwa meneja wa duka la kaya.

Lakini kuna kilichofichwa. Mwaka 1970 kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Issa Shivji, alichapisha katika jarida la wanafunzi, Cheche, uchambuzi uliodai kwamba chini ya utulivu wa ujamaa kulikuwa na mapambano ya kitabaka yasiyosema. Walter Rodney alikuwa akifundisha hapohapo, mlimani palikuwa pamoto. Mwaka uleule jarida likapigwa marufuku. Sehemu ya lawama ilikuwa jina lenyewe: kwa maana, cheche lilifanana mno na jina la gazeti la Lenin, na taifa lilikuwa na ujamaa wake, halikuhitaji wa kuazima. Wanafunzi wakaanzisha jingine wakaliita MajiMaji, jina ambalo hakuna aliyeweza kulikataa. Tazama utani wa historia. Waliokuwa wakichambua namna majina yanavyotawala watu walizimwa kwa ajili ya jina, na wakarudi kwa kubadili jina.

Miaka sita baadaye Shivji aliandika wazi katika kitabu: kundi la wakubwa wa serikali na mashirika ya umma lilikuwa limegeuka tabaka linaloishi kwa jasho la wakulima. Nadhani alikuwa sahihi, na nadhani neno ndugu ndilo lililofanya iwe vigumu kuliona. Utapambana vipi kitabaka na ndugu yako? Ugomvi wa ndugu, tunaambiwa, shika jembe ukalime.

Kisha ikaja zamu ya rungu. Wakulima walikuwa wameitwa kwenye vijiji vya ujamaa kwa hotuba na kwa mifano, na wengi hawakuja. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba hadi mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia vijijini. Malori yakaja. Sehemu nyingine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Wale waliokuwa ndugu asubuhi walipakiwa jioni na magunia yao. Tofauti ya Althusser kati ya mafungu mawili ya vyombo haijapata mfano ulio wazi zaidi katika nchi hii: mwito usipoitikiwa, anayeita huja mwenyewe mlangoni.

Ndugu lilikufa polepole, likazikwa na mfumo wa vyama vingi ulioingia mwaka 1992. Mwaka mmoja kabla, Azimio la Zanzibar lilikuwa limeshalegeza masharti ya uongozi, na kiongozi mwenye hisa na nyumba ya kupangisha hakutaka tena kuitwa jina la mfagizi. Bungeni akaingia Mheshimiwa. Leo mbunge anatamka neno hilo mara nyingi kuliko anavyotaja jimbo lake. Diwani naye ni mheshimiwa, hakimu, mkuu wa wilaya, na kwenye harusi hata mfadhili wa keki. Ndani ya chama tawala ndugu bado limo, kwenye vikao, kama kanzu ya babu inayovaliwa siku ya Idi. Sitaki kulisema sana hili, kwa sababu mheshimiwa ni itikadi nyepesi: kila mtu anaiona, kila mtu anaicheka. Itikadi nzito ni ile usiyoicheka.

Kijana mwenye sinia la karanga Kariakoo ameitwa majina mengi. Katika miaka ya sabini, kama alikuwa na kaduka, alikuwa mlanguzi mtarajiwa. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvu kazi, na katika kampeni yake watu wasio na ajira rasmi mijini walikusanywa kwa malori na kurudishwa mashambani. Jina lake mwaka huo lilikuwa mzururaji. Baadaye akawa machinga, jina la watu wa Lindi lililogeuka jina la kazi. Desemba 2018 Rais Magufuli akaanza kugawa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na kijana yuleyule, na sinia lilelile, akawa mjasiriamali mdogo. Oktoba 2021 akaondolewa kando ya barabara, na neno la kiserikali lilikuwa kwamba anapangwa.

Litazame jina hilo lilivyoshonwa. Jasiri na mali. Wenzetu wa kamati za lugha wamewahi kutupa maneno mengi yaliyofia kwenye kamusi, lakini hili lilikimbia lenyewe. Linamwita mtu shujaa. Nani atakataa?

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye semina katika ukumbi mmoja wa kata, Temeke. Nilikuwa nafanya utafiti mdogo juu ya lugha ya mikopo. Akina mama kama sitini walikaa kwenye viti vya plastiki, na mkufunzi, kijana mwenye shati jeupe na sauti ya mchungaji, akaanza: "Ninyi ni akina nani?" "Wajasiriamali." "Siwasikii!" "WAJASIRIAMALI!" Kisha wakasimama, wakanyoosha mikono juu, wakarudia mara tatu kwamba umaskini uko akilini. Pembeni yangu alikaa mama mmoja, nitamwita Mama Rehema, ambaye nilikuwa nimemjua kwa wiki kadhaa. Alikuwa akiuza chai, chapati na maharage kwenye eneo la ujenzi wa jengo la ghorofa. Siku ya kwanza tulipozungumza nilimuuliza anafanya kazi gani, akajibu bila kuinua kichwa: "Nabangaiza tu, mwanangu."

Ujenzi ule ulisimama. Mafundi na vibarua wakaondoka, na wateja wake wakaondoka nao. Yeye alikuwa na mkopo wa wale tunaowaita kausha damu, unaorejeshwa kila siku, anayekusanya akipita na daftari. Alianza kukopa wa pili ili alipe wa kwanza. Baada ya semina tulitoka pamoja, nikamuuliza biashara ilikwama wapi. Nilitegemea aseme jengo. Akasema: "Mimi tatizo langu sina nidhamu ya fedha."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu siku ileile, na nimeyarudia mara nyingi darasani. Yasome polepole. Jengo limesimama kwa sababu za watu asiowajua, katika benki asiyowahi kuingia. Riba imepangwa na mwingine. Unga na mafuta vimepanda bei bila kumuuliza. Na yeye, aliyelisha vibarua thelathini kwa jiko moja la mkaa, ambaye hesabu ya kila kijiko cha sukari anayo kichwani, anajiona ndiye kasoro. Mbangaizaji angeweza kusema: nimebanwa. Mjasiriamali hawezi kubanwa. Anaweza tu kushindwa. Hiyo ndiyo kazi ya jina. Halimdanganyi Mama Rehema juu ya jambo lolote moja. Linampa mahali pa kusimama, na ukisimama pale kila kitu kinaonekana isipokuwa jengo.

Na jina hilo lina mwili, kama Althusser alivyotaka. Lina fomu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, nami sina ugomvi nalo. Lakini ili uipate lazima ujiandikishe katika kikundi, uwe na katiba, mwenyekiti, mhazini, andiko la biashara. Mtu asiyejiita mjasiriamali hana kisanduku cha kuweka alama. Mwanamke anayetaka kudai bei ya chini ya unga, au kudai kwamba mjenzi aliyeondoka ghafla alikuwa na deni lake la chai la wiki mbili, huyo hana fomu.

Tuna methali: mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Marx angeisikia angeketi chini. Katika kitabu chake cha mwaka 1867 alieleza kwa kurasa nyingi kwamba mfanyakazi ni mtu aliyebakiwa na kitu kimoja tu cha kuuza, nguvu zake, kwa sababu mengine yote amenyang'anywa. Methali yetu inasema hivyohivyo katika maneno saba, halafu inaongeza kiungo ambacho Marx hangekikubali kamwe: inaziita nguvu hizo mtaji. Kwa neno hilo moja kibarua amepandishwa cheo, sasa ni bepari mwenye bahati mbaya. Sijui methali nyingine inayosema kweli na kuificha kwa pumzi moja namna hiyo.

Ng'ambo ya Namanga jina lilikuwa tofauti, mwito uleule. William Ruto aliingia kwenye uchaguzi wa mwaka 2022 akiwaita Wakenya mahasla, watu wa kujitafutia, dhidi ya watoto wa koo kubwa. Mwendesha bodaboda na muuza mboga waligeuka, kama yule wa barabarani, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa juu alikuwa amewaita kwa jina la kazi yao ya kila siku. Tarehe 30 Novemba mwaka huo serikali yake ilizindua Hasla Fandi, mkopo wa simu unaoanzia shilingi 500 za Kenya hadi 50,000. Hasla akapata alichostahili hasla: deni.

Lakini Kenya ilitupa pia jambo ambalo nadharia ya Althusser hailishughulikii vizuri. Ushuru ulipozidi, vijana wakamwita rais jina lao: Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mti. Shuka, Zakayo. Jina likapita kwenye simu, kwenye matatu, kwenye fulana, hadi mwenyewe akalitania hadharani, yaani akageuka. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia bungeni Nairobi, wapo waliopigwa risasi wakafa, na siku iliyofuata rais akatangaza kwamba hatausaini muswada wa fedha. Polisi wa Althusser hupaza sauti kutoka nyuma na mpita njia hugeuka. Hakuandika kuhusu siku ambayo wapita njia wanapaza sauti pamoja na polisi ndiye anayegeuka.

Mwingereza E. P. Thompson, mwanahistoria wa wafanyakazi, alimshambulia Althusser kwa ukali mwaka 1978 kwa sababu ya namna hii. Alimshutumu kwa kujenga mashine isiyo na watu, mahali ambapo hakuna anayegoma, anayekumbuka, wala anayekasirika. Nadhani Thompson alikuwa na haki nusu. Nusu nyingine ningeiongeza mimi: Althusser alisahau njaa. Mama Rehema hakuamka saa kumi alfajiri kukanda unga kwa sababu aliitwa mjasiriamali. Aliamka kwa sababu kuna watoto na kodi ya chumba. Jina lilikuja baadaye, kumweleza maana ya kuamka kwake. Marx mwenyewe alijua kwamba mahitaji yanatosha kumleta mtu kiwandani bila hotuba yoyote. Hotuba ni ya kumfanya asitazame huku na huku akishafika.

Na siwezi kumtaja Althusser kwa muda wote huu nikaruka lililotokea tarehe 16 Novemba 1980. Alimnyonga mkewe, Hélène Rytmann, mwanamke aliyekuwa katika mapambano ya chinichini dhidi ya Wanazi, nyumbani kwao ndani ya chuo alichofundisha Paris. Alikuwa amesumbuliwa na maradhi ya akili kwa miaka mingi. Wataalamu walisema hakuwa na akili timamu saa ile, na hakupelekwa mahakamani. Aliishi miaka 10 zaidi. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1992 akiwa ameshafariki, alilalamika kwamba kwa kutoshtakiwa amenyimwa kusimama na kujibu. Mtu aliyetufundisha kwamba kuitwa ni kufungwa alitumia miaka yake ya mwisho akiomba kuitwa. Rytmann hakupata hata nafasi ya kuomba. Wanafunzi wangu huniuliza kama hilo linaharibu nadharia. Huwajibu haliiharibu, lakini atakayeitumia bila kumtaja mwanamke huyo asome upya sehemu inayohusu nani husikika na nani hasikiki.

Kwangu mimi hakuna mahali nje ya majina pa kwenda kukaa. Mwanaidi leo ni mkunga, ana wajukuu, na akiitwa bado anaitika "abee". Nilimkumbusha habari ya mlangoni akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia kwamba bibi yetu naye, marehemu babu alipomwita, hakuitika kitu. Alikuwa akinyamaza mpaka babu aje mwenyewe jikoni kusema anachotaka.

Mwisho ni neno kwa wasomaji wanaoniandikia barua zinazoanza na "Mheshimiwa Daktari". Najua ndugu nalo ni mwito, nimeueleza hapo juu pamoja na malori yake. Hata hivyo niiteni hivyo. Nitaitika.